Pombe na Vidonge vya Kuzuia Damu Kuganda

Ukijikata kwa panga shambani, damu hutoka. Baada ya muda huganda, na jeraha huanza kujifunga. Hiyo ni kazi njema. Lakini damu ikiganda ndani ya mshipa ni hatari. Donge likikaa mguuni, mguu huvimba na kuuma. Likifika kwenye mapafu au kwenye ubongo, mtu anaweza kupooza au kufa.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wagonjwa wa huku kwetu Kibaha na Kisarawe hupewa vidonge viitwavyo warfarini. Wengine waliwahi kupata donge mguuni. Wengine walipasuliwa moyo, kama inavyofanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, wakawekewa mlango wa moyo wa bandia. Hao huimeza dawa hii maisha yao yote.

Utasikia watu wakisema kuwa hii ni sumu ya panya. Ni kweli iliuzwa Marekani kwa kazi hiyo tangu mwaka 1948. Mwaka 1954 iliruhusiwa kutibu watu, kwa kipimo kidogo. Usiogope. Kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu, na pombe huharibu kipimo hicho.

Huharibu vipi? Ini ndilo linaloivunja warfarini ili itoke mwilini. Ini hilo hilo huisafisha pombe. Ukinywa nyingi kwa siku moja, ini hushughulika na pombe, na dawa hubaki nyingi mwilini. Damu hushindwa kuganda. Lakini anayelewa kila siku, ini lake huweza kuzoea kuivunja dawa upesi. Huyo humeza vidonge vyake vyote, na bado donge likampata.

Mzee mmoja wa upande wa Kisarawe alinijia puani damu haikatiki. Jumamosi kulikuwa na ngoma, mwali anatolewa, na mnazi ulikuwa mwingi. Nikamwuliza kama alikunywa. Akasema, "Nilikunywa mwanangu, lakini dawa niliiacha tangu Ijumaa, zisije zikagombana."

Wengi hufanya hivyo, nao hudhani wanajilinda. Warfarini haitoki mwilini kwa siku moja. Hukaa siku kadhaa. Kwa hiyo Jumamosi mzee alipokunywa, dawa ilikuwa bado imo. Angeendelea kuiacha, siku chache baadaye ingepungua, na donge lingepata nafasi. Amepata hasara mara mbili. Usiache vidonge ili unywe.

Iliyo salama zaidi ni kutokunywa. Daktari akikuruhusu kidogo, shika kiasi alichokutajia. Mnazi uliolala huwa mkali kuliko wa asubuhi, na gongo hakuna ajuaye ukali wake. Kama umezoea kunywa kila siku, usione haya kusema kliniki. Usiache kwa ghafla peke yako, maana mwili huweza kutetemeka na hata kupata degedege, na damu yako itabidi ipimwe upya.

Tena, kichwa kikiuma asubuhi, usikimbilie dukani kununua aspirini au diklofenaki. Hizo nazo huzidisha kutoka damu.

Fizi zikitoka damu, ukiona mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au madoa meusi ya ngozi usiyojua yametoka wapi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukianguka na kugonga kichwa, nenda hospitali mara moja, kama Tumbi au ile ya Wilaya ya Kisarawe, hata kama hujisikii vibaya. Damu huweza kuvuja ndani ya kichwa bila kuonekana nje. Chukua kadi yako ya kliniki. Kama umelewa, anayekupeleka aseme: "Huyu anatumia warfarini, na amekunywa pombe."