Je, Wajua? Darubini Kuukuu na Anga la Newala

Je, wajua kwamba Kiswahili kina neno moja kwa maadui wawili wa darubini? Neno hilo ni ukungu. Upo ukungu unaopanda alfajiri kutoka bondeni na kuificha mikorosho ya pembezoni mwa Newala, na upo ukungu unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Ule wa kwanza ndio unaouleta wa pili. Ukungu huu wa pili, yaani kuvu, hauhitaji mkate. Hutosheka na vumbi kidogo, mafuta ya kidole cha mtu na hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 70, kisha hutandaza nyuzi zake juu ya lenzi kama utando wa buibui. Ukiachwa miaka mingi, asidi unayoitoa hula kioo chenyewe, na hapo alama haifutiki tena.

Mimi niliuona utando huo mjini Masasi, nilipofungua sanduku la mbao nililouziwa na mwalimu mstaafu. Ndani yake kulikuwa na darubini ya lenzi ya Kijapani, ya milimita 60, yenye mwili mrefu mweupe na miguu mitatu ya mbao ambayo mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa. Niliinunua hivyo hivyo. Niliyojifunza kwa kuifufua ndiyo haya ninayoyaandika.

Neno darubini lenyewe lina asili ya Kiajemi: "dur" ni mbali, "bin" ni mwenye kuona. Kwa hiyo darubini ni mwona mbali, na sidhani lugha yoyote imekipa chombo hiki jina bora zaidi.

Namba kubwa kwenye sanduku si sifa. Masanduku mengi ya darubini ndogo za zamani yameandikwa kwamba hukuza vitu mara 400, 500, hata 600. Kanuni inayokubalika ni kwamba lenzi hubeba ukuzaji wa mara mbili hivi kwa kila milimita ya upana wake. Lenzi ya milimita 60 basi hufika mara 120. Ukizidisha hapo unakuza giza na ukungu tu. Anayetaka kununua asiulize inakuza mara ngapi. Aulize lenzi ina upana gani, kisha awashe tochi na kuielekeza kwa ubavu kwenye kioo cha mbele. Mikwaruzo midogo haina madhara makubwa, na vumbi hutoka. Cha kuogopa ni kioo kilichomeguka, kilicholiwa na kuvu, au kilichosuguliwa kwa dawa ya meno na mtu mwenye nia njema.

Katika kioo cha mbele kuna vioo viwili. Lenzi moja peke yake hutawanya rangi kama tone la mvua linavyofanya upinde, na kila nyota huvaa pete ya zambarau. Wanajimu wa karne ya 17 walipunguza kasoro hiyo kwa kurefusha darubini. Hevelius, kule Danzig, alijenga moja ya futi 150, yaani mita 46 hivi, ikining'inia kwa kamba kwenye mlingoti. Tiba ya kweli ilikuwa kuunganisha aina mbili za kioo, krauni na flinti, ili kasoro ya kimoja ifutwe na cha pili. John Dollond wa London alipewa hataza ya lenzi hiyo mwaka 1758, ingawa Chester Moor Hall alikuwa ameshaibuni miaka mingi kabla yake.

Aliyeipandisha kazi hii daraja ni Joseph von Fraunhofer, yatima wa Bavaria. Mwaka 1801, akiwa mwanagenzi wa miaka 14 mjini Munich, nyumba ya bwana wake ilimporomokea. Akafukuliwa akiwa hai. Mtawala aliyekuja kutazama uokoaji ule alimsaidia kusoma. Mwaka 1824 darubini yake ya sentimita 24 ilisimikwa Dorpat, mji unaoitwa leo Tartu, katika Estonia, na ingali huko. Alifariki 1826 akiwa na miaka 39 tu. Kila darubini ya lenzi iliyo kwenye sanduku la mbao leo, hata ile yangu, ni mjukuu wa kazi ya kijana yule.

Penseli ndiyo zana ya kwanza ya fundi wa lenzi. Kabla hujavitenganisha vile vioo viwili, chora alama ya V ubavuni mwake, ikipita kutoka kioo kimoja hadi kingine. Vilisuguliwa vikiwa jozi, na hukaa vizuri katika mkao mmoja. Ukikigeuza kimoja juu chini, darubini haitaona tena kitu kwa ukali, na mtu anaweza kuhangaika wiki nzima akilaumu kila kitu kingine. Angalia pia vipande vitatu vidogo vya karatasi ya bati vilivyo katikati ya vioo kwenye kingo. Si uchafu. Ndivyo vinavyoacha nafasi sawa pande zote, na kipande kimoja kikipotea, lenzi huinama.

Kuvu changa hutoka kwa haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda inayopatikana duka la dawa, ikifuatiwa na maji yaliyokenekwa. Tumia pamba safi, pitisha mara moja tu kwa uzito wa pamba yenyewe, itupe, chukua nyingine. Mimi nilimaliza nusu ya bunda kwa kioo chenye upana mdogo kuliko kifuniko cha sufuria ya chai. Kisha kianike kioo juani kwa muda mfupi, na usikirudishe ndani kikiwa na unyevu. Vile vifuko vidogo vya chembe nyeupe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo wengi hutupa, vinyonye unyevu wa sanduku lako.

Grisi ya zamani kwenye skrubu za kulengea hugeuka kuwa kama nta. Mafuta ya taa huilainisha usiku mmoja.

Lakiri ya bahasha ndiyo ndugu wa vanishi ya darubini. Darubini za shaba ya njano za karne ya 19 zilipakwa utomvu wa mdudu mdogo wa India, ule ule uliotumika kutengenezea lakiri ya kuzibia nyaraka. Rangi ile ya asali ndiyo inayomwambia mjuzi umri wa chombo. Anayeisugua shaba mpaka ing'ae kama bomba jipya ameivua ngozi yake, na thamani yake imeshuka.

Huku kwetu shaba iliyovuliwa ina hatari ya ziada. Miezi ya kiangazi, anga linapokuwa safi kuliko wakati wowote, ndiyo hiyo hiyo ambayo mikorosho hupulizwa salfa kuzuia ubwiriunga. Unga ule wa manjano hubebwa na upepo, na salfa ikikutana na shaba huitia weusi. Funika darubini yako kwa kitambaa kizito, na usiiweke upande upepo unakotokea shambani.

Mguu wa mpingo haumhofii mchwa. Mpingo ni mzito hata ukitupwa majini huzama. Ulaya huutengenezea klarineti na obo, na Wamakonde wameupa sura za watu na mashetani wanaojulikana dunia nzima. Mzee mmoja mchongaji wa Newala alinikerezea kitasa cha kulengea na kipande cha mguu ulioliwa. Alikipima kwa macho, hakutaka rula. "Hiki mchwa watakipita tu, mwanangu," akaniambia, na mpaka leo wamekipita. Kama kijicho cha kutazamia ndicho kilichopotea, kumbuka kwamba darubini nyingi za Kijapani za zamani zina tundu la milimita 24.5, wakati vijicho vinavyouzwa sasa ni vya milimita 31.75. Fundi yeyote wa mashine ya kukereza vyuma aweza kukutengenezea kiungo cha kuvioanisha.

Stendi yako haijui kwamba umehamia Newala. Hili ndilo lililonipa taabu kubwa, na ndilo ninalolipenda zaidi kulieleza. Stendi ya ikweta ina mhimili unaopaswa kulala sambamba na mhimili wa dunia, ili darubini iifuate nyota kwa kuzungusha skrubu moja tu. London mhimili huo huinuka nyuzi 51 na nusu. Newala uko nyuzi 11 tu juu ya upeo wa macho, yaani karibu ulale. Stendi nyingi za zamani haziwezi kuinama kiasi hicho, na zikilazimishwa, fimbo yenye uzito wa kusawazisha hugonga miguu. Dawa yake ni kabari ya mbao chini ya kichwa cha stendi, na seremala mwenye pembe sahihi huimaliza kwa siku moja.

Kitabu cha maelekezo nacho hukwambia uitafute Nyota ya Kaskazini. Usiitafute. Kutoka Masasi na Newala haionekani usiku wowote wa mwaka. Iko chini ya ardhi. Mhimili wetu hutazama kusini, juu ya Mto Ruvuma na kuelekea Msumbiji, mahali pasipo na nyota yoyote angavu. Na kama stendi ina mota iliyotengenezwa kwa ajili ya kaskazini, itazunguka kinyume na anga letu, lazima igeuzwe.

Ukisimama Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde kufunguka chini ya miguu yako, upande huo wa kusini hauna mlima wa kukuzuia. Sijui mahali pengine mkoani Mtwara panapomfaa zaidi mwenye darubini, ila avae koti zito, kwa maana upepo wa jioni pale hutikisa hata mguu wa mpingo.

Vioo vya kutazamia mbali vilipita huku zamani. David Livingstone aliingia Ruvuma kwa meli mwaka 1861, akarudi mwaka uliofuata, na mwaka 1866 akashuka Mikindani na kupanda na bonde la mto huo kwa miguu. Alikuwa na sekstanti, chombo chenye kidarubini cha lenzi ubavuni, na kwa mwezi na nyota alipima yuko wapi duniani. Aliyemnoa katika kazi hiyo alikuwa Thomas Maclear, mnajimu mkuu wa Rasi ya Tumaini Jema. Miaka 40 baadaye, 1906, mtafiti Karl Weule wa Leipzig alifika Masasi na Newala na kamera ya picha, kamera ya sinema na fonografu ya kurekodi sauti kwenye nta.

Jua halitazamwi, hata mara moja. Darubini nyingi za Kijapani za miaka ya nyuma ziliuzwa na kikombe kidogo cha kioo cheusi cha kufungia kwenye kijicho, eti cha kutazamia jua. Ukikikuta, kivunje na ukizike. Lenzi hukusanya joto lote la jua mahali hapo hapo kilipo kioo hicho. Kikipasuka, jicho limekwenda kabla hujawahi kulifumba. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kusini mwa Tanzania na watu wakakusanyika Rujewa kuiona pete ya moto, hapa Masasi pia sehemu kubwa ya jua ilifunikwa. Hata siku kama hiyo, njia salama ni kuitupa taswira ya jua kwenye karatasi nyeupe nyuma ya darubini, watoto wakitazama karatasi na mtu mzima akilinda kijicho. Huku kwetu jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Februari na tarehe 21 Oktoba, na siku hizo nguzo haina kivuli saa ya adhuhuri ya kweli, ambayo Masasi huja dakika 39 hivi baada ya saa sita ya saa ya mkononi siku ile ya Februari, na dakika 10 hivi siku ile ya Oktoba.

Nyota yenye jirani iligunduliwa kwa darubini dhaifu kuliko yako. Mwaka 1689 padri Mjesuiti Jean Richaud, akiwa Pondicherry, India, alikuwa akifuatilia nyota yenye mkia. Ikapita karibu na Alfa Centauri, naye akaona kwamba nyota ile ni mbili. Miaka minne nyuma, Mjesuiti mwingine, Fontenay, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, alikuwa ameona vivyo hivyo kwa nyota ya chini ya Msalaba wa Kusini. Wote wawili walitumia lenzi za kabla ya Dollond, zenye pete za rangi. Alfa Centauri, baada ya jua, ndiyo jirani yetu wa karibu, umbali wa miaka ya nuru 4.4 hivi, na vipimo vya kwanza vya umbali wake Thomas Henderson alivifanya barani Afrika, kule Rasini, mwaka 1832 na 1833. Alikawia kuvitangaza hadi 1839, na Bessel wa Ujerumani akamtangulia kwa nyota nyingine.

Jioni za Mei na Juni ielekeze darubini kusini. Kwa ukuzaji wa mara 100 Alfa Centauri hupasuka kuwa nyota mbili, za manjano, zimekaa karibu karibu. Jirani yangu, mama wa makamo aliyekuja kutazama akiwa na kanga begani, alirudi kwenye kijicho mara tatu kuhakikisha. Sikuwa na haja ya kumwambia kitu.

Angani kuna darubini iliyochorwa. Mnajimu Nicolas-Louis de Lacaille alikaa Rasini kuanzia 1751 hadi 1753 na kupima karibu nyota 10,000 kwa darubini ya lenzi yenye upana wa nusu inchi tu, ndogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Katika nafasi zilizobaki wazi angani alichora vyombo vya kazi, na kimoja akakiita Darubini: ile ndefu ya lenzi, inayoning'inia kwenye mlingoti. London haichomozi kamwe. Newala, jioni za mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, hupanda zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini, kusini ya kundi la nyota la Kausi, karibu na mkia wa kundi la Nge. Nyota zake ni hafifu na zinahitaji usiku usio na mwezi. Mimi huzitafuta kwa macho kwanza, taa zote zikiwa zimezimwa, ndipo naweka jicho kwenye kioo.