Wazee na utafiti wa UVIKO-19: kweli au si kweli?

Tarehe 16 Machi 2020 serikali ya Uingereza iliwashauri watu wenye miaka 70 na zaidi waepuke kukutana na wengine kadiri wawezavyo. Ugonjwa ulioua wazee kuliko rika lolote ulikuwa umeanza kuchunguzwa kwa kasi, na katika miradi mingi hakuna mzee aliyeulizwa ni kipi hasa kichunguzwe. Sababu zilizotolewa wakati ule zinasikika hadi leo, nyingine zikisemwa kwa nia njema kabisa. Zinastahili kupimwa moja moja.

“Mzee alindwe, asisumbuliwe na mambo ya utafiti.”

Si kweli. Kumkinga mtu na virusi ni wema. Kumweka nje ya utafiti utakaoamua tiba yake ni kumdhuru, hata kama aliyefanya hivyo alimhurumia. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walipitia majaribio ya awamu ya tatu ya tiba na chanjo za UVIKO-19 yapatayo 232. Karibu nusu yalikuwa na masharti yaliyoelekea kuwaacha wazee nje: ukomo wa umri, au kukataa mtu mwenye maradhi mengine, na ni mzee gani wa miaka 75 asiye na presha, kisukari au maumivu ya viungo? Daktari aliyebaki na mgonjwa wa umri huo alilazimika kukisia.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Jaribio la tiba za UVIKO-19 la Uingereza liitwalo RECOVERY halikuweka ukomo wa juu wa umri, na lilimsajili mgonjwa wa kwanza siku tisa tu baada ya itifaki yake, yaani mpango wa utafiti, kuandikwa. Mwezi Juni mwaka huo huo lilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inapunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia.

“Akishajitolea kwenye jaribio, tayari ni mshirika.”

Si kweli, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Katika hatua moja ya majaribio ya chanjo ya Oxford walikuwamo watu 240 wenye miaka 70 na zaidi. Walifanya jambo kubwa, nasi sote tumefaidika. Lakini anayetoa mkono achomwe sindano haamui swali la utafiti. Mshirika huketi na watafiti mapema: anasaidia kuchagua cha kuuliza, anasoma dodoso na fomu ya ridhaa na kusema wapi hapaeleweki, anapima kama safari tatu za kliniki ni mzigo usiobebeka, kisha anasaidia kueleza matokeo kwa watu wa rika lake.

Je, hilo hubadilisha chochote? Ushahidi upo tangu kabla ya janga. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza kuhusu kuchakaa kwa viungo vya magoti, ugonjwa unaowatesa wazee wengi. Zaidi ya asilimia 80 ya majaribio yalihusu dawa. Wagonjwa walipoulizwa wangependa nini kichunguzwe zaidi, asilimia 9 tu walitaja dawa. Wengine walitaka kujua kuhusu upasuaji, mazoezi, na namna ya kuishi na maumivu yenyewe. Fedha nyingi zilikuwa zimekwenda upande ambao wenye magoti hawakuuliza. Kumwita mzee itifaki ikiwa imeshapitishwa ni kumuuliza mwenye nyumba kuhusu msingi wakati bati limeshaezekwa.

“Janga halina muda wa kushauriana.”

Si kweli, ingawa ndiyo hoja iliyoshinda. Mamlaka inayosimamia utafiti wa afya Uingereza, Health Research Authority, iliona kuwa kabla ya janga miradi ipatayo asilimia 80 iliyofika kwake ilikuwa imewashirikisha wananchi kwa namna fulani. Katika miradi ya mwanzo kabisa ya UVIKO-19, kiwango kilishuka hadi asilimia 22. Tabia iliyojengwa kwa miaka mingi ilitupwa kwa wiki chache, pale ilipohitajika kuliko wakati wowote.

Mamlaka hiyo na wadau wake waliitikia kwa kuanzisha huduma ya kuwaunganisha haraka watafiti na wananchi walio tayari kusoma nyaraka zao. Ushirikishwaji ukapanda tena huku janga likiendelea. Kilichokosekana mwanzoni kilikuwa orodha ya watu wa kupigiwa simu, na orodha hiyo huandaliwa wakati wa shwari.

“Wazee hawajui mtandao.”

Nusu kweli. Takwimu za taifa za Uingereza za mwaka 2020 zilionyesha kuwa asilimia 54 ya watu wenye miaka 75 na zaidi walikuwa wametumia intaneti karibuni, kutoka asilimia 29 mwaka 2013. Basi anayesema hawawezi amekosea, na anayehamishia mikutano yote kwenye Zoom amewaacha karibu nusu yao mlangoni. Kanada ilionyesha njia: utafiti mkubwa wa kuzeeka uitwao CLSA uliwauliza watu wake kuhusu janga kuanzia Aprili 2020, kila mmoja akijibu kwa mtandao au kwa simu. Simu ya kawaida, barua yenye herufi kubwa, na mtu wa kumpigia mzee kabla ya kikao na kumweleza ajenda: hakuna kati ya hayo linalohitaji teknolojia mpya.

“Mzee mmoja akiwa mezani, wazee wamewakilishwa.”

Si kweli. Mara nyingi huyo mmoja ni mstaafu msomi, mwenye afya njema na kompyuta yake. Katika wimbi la kwanza nchini Kanada, takriban vifo vinane kati ya kumi vilitokea kwenye makao ya kutunzia wazee. Sauti iliyohitajika zaidi ilikuwa ya mkazi wa makao hayo, ya mwenye kupoteza kumbukumbu, na ya binti aliyezuiwa kumtembelea mama yake.

“Ni kazi ya kujitolea, malipo yataiharibu.”

Si kweli. Mwongozo uliotumika Uingereza ulipendekeza pauni 25 kwa saa moja ya mshirika. Profesa analipwa kwa kikao hicho hicho.

“Haya ni mambo ya Ulaya.”

Si kweli. Huko Kilifi, Kenya, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kina mtandao wa muda mrefu wa wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wakazi wenyewe, ambao hukutana na watafiti na kuwaeleza yale wanakijiji wanayoyahofia na kuyauliza. Mlango kama huo unaweza kuwapitisha wazee kwa makusudi. Dodoso la karantini linalouliza kama mzee “amejitenga katika chumba chake” lingekwama mara moja mbele ya bibi anayelala chumba kimoja na wajukuu watatu, na lingerekebishwa siku hiyo hiyo, kabla halijafika kwa kamati ya maadili.