Kwale wa Udzungwa

Mama akienda soko la Mwanjelwa kununua kuku, hadanganyiki. Hata kama kuku amekwisha kunyonyolewa manyoya, mama ataitazama miguu na kusema, "Huyu ni kuku." Miguu ya ndege humtambulisha mwenyewe.

Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini katika milima ya Udzungwa, mkoani Iringa. Wakaona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya mchuzi. Haikuwa miguu ya kuku. Haikuwa ya kanga, wala ya kwale waliowazoea. Je, ilikuwa ya ndege gani? Wataalamu wale hawakujua. Wakaanza kumtafuta msituni, wamwone akiwa hai.

Kumtafuta si kazi rahisi. Misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu iko juu milimani, na miti yake imesongamana. Ndege huyu ni mdogo kuliko kuku. Hutembea chini pamoja na wenzake, wakichakura majani makavu na kula wadudu na mbegu. Mgongo wake ni wa kahawia wenye mistari, na kifua ni cha kijivu chenye madoa meusi. Akisimama kimya kati ya majani, waweza kumpita karibu usimwone. Mdomo wake ni mwekundu.

Lakini walimpata. Mwaka 1994 walimwandika katika vitabu vya elimu kuwa ni ndege mpya. Ajabu ni kwamba jamaa zake wa karibu hawako Afrika. Wako katika misitu ya Asia! Wataalamu wanafikiri kuwa zamani sana misitu ya pande hizi mbili ilikaribiana, kisha ukame ukaitenga.

Ndege mpya kwa nani? Aliyemtia sufuriani alimjua tangu zamani. Hata huku kwetu Mbeya imekuwa hivyo. Wawindaji wa mlima Rungwe walisimulia habari za nyani aitwaye kipunji, na wataalamu wakamwona mwaka 2003 tu. Mwaka uliofuata kipunji akaonekana Ndundulu pia, msitu uleule wa kwale.

Kwale hawa ni wachache. Moto ukiingia msituni huwamalizia makazi. Tena kuna mitego ya kitanzi. Mtu hutega funo, lakini kitanzi hakichagui. Kwale apitaye kwa miguu hunaswa vilevile.