Je, Mungu Yuko, Yupo au Yumo?

Kila mwaka, nifikapo katika somo la viambishi vya mahali, huwaandikia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza silabi tatu ubaoni: po, ko, mo. Kisha huwaomba watunge sentensi. Wengi huniletea vitabu vilivyopo mezani, ng'ombe walioko malishoni na maji yaliyomo mtungini. Mwaka mmoja kijana aliyeketi nyuma aliinuka akasema, "Mungu yuko." Kabla hajaketi, binti mmoja akamkosoa: "La, Mungu yupo." Darasa likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani jioni hiyo kicheko kilikuwa kimekwisha, swali likabaki.

Mpenzi msomaji, niwie radhi nikikupitisha kwanza katika sarufi, sitakuchelewesha. Kiambishi -po huonyesha mahali maalumu, panapojulikana. Kiambishi -ko huonyesha mahali kwa jumla, pasipo mipaka iliyo dhahiri, na aghalabu mbali. Kiambishi -mo huonyesha ndani ya kitu. Ukifika kwangu kumuulizia kaka yangu nami nikakujibu, "Yupo," utavua viatu uingie. Nikikujibu, "Yuko," huenda ukauliza, "Wapi?" Na nikisema, "Yumo," utatazama mlango wa chumba.

Ni kweli kwamba sisi watu wa bara tumezoea kusema "yuko" na "iko" kwa kila jambo, na hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kosa hilo. Wala kijana yule hakuwa na nia ya kuhubiri. Hata hivyo, sentensi yake ilinichoma. Nilipojipima niliona kwamba Mungu wangu, kwa miaka mingi, alikuwa Mungu wa "yuko."

Sikuwa mtu asiyeamini. Nilibatizwa utotoni, nikathibitishwa, nikaoa kanisani, na Jumapili hunikuta nimeketi katika safu ile ile. Ungeniuliza kama Mungu yuko, ningekujibu kwa hoja za wanafalsafa na za manabii. Lakini kati ya Jumatatu na Jumamosi sikumbuki kuwa nilimtarajia mahali popote. Alikuwa kama jamaa anayeishi ng'ambo: twamheshimu, twalitaja jina lake katika sherehe, na hatutengi kiti chake mezani.

Wala sidhani kuwa nilikuwa peke yangu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya Wakenya wanane katika kila kumi ni Wakristo. Wimbo wetu wa taifa ni sala. Utangulizi wa Katiba ya mwaka 2010 unamkiri Mungu Mwenyezi kabla ya kutaja jambo jingine lolote. Mikutano yetu, iwe ya kijiji, ya chama cha akiba au ya baraza la wakubwa, hufunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala. Ajabu ni yale yapitayo baina ya sala hizo mbili.

Nitatoa mfano, na mkosaji ni mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika warsha moja ya siku mbili. Mimi ndiye niliyeombwa kuifungua kwa sala, na naliomba kwa Kiswahili sanifu kilichowapendeza wote. Kazi ikamalizika siku ya kwanza, alasiri. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa mezani, nasi tukatia saini ya siku zote mbili, tukapokea posho ya siku zote mbili. Hakuna aliyeshtuka. Sala na saini vilitoka kwa mtu mmoja, siku moja, katika chumba kimoja, wala havikugombana. Vingegombanaje, ikiwa Mungu niliyemwita asubuhi nilimwacha huko huko mbali nilikodhani yuko? Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mwezi uliofuata mama yangu, mkulima katika milima ya Taita, alipatwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ukalegea, na maneno yakapotea. Alituelewa tulipozungumza, lakini alipofungua kinywa ili ajibu, sauti ilitoka bila neno. Mimi, ambaye riziki yangu ni maneno, niliketi mbele ya mama aliyenifundisha maneno nikiwa sina la kumsaidia.

Hali hiyo wataalamu huiita afasia. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa amebakiwa na takriban silabi moja tu, "tan." Mgonjwa huyo alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta jeraha katika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Habari hizo huwafundisha wanafunzi wangu. Huwafundisha pia kwamba baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo, wasioweza kuomba maji, huweza kuhesabu hadi kumi, kutaja siku za juma, kuimba wimbo wa zamani au kusema sala waliyoizoea. Maneno yaliyorudiwa mara nyingi mno, yaelekea, huwa na njia yake.

Jioni moja, katika wiki ya tatu, dada yangu alianza Sala ya Bwana, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yetu tangu utotoni. Mama, aliyekuwa ameshindwa kulitaja jina langu, akaifuata neno kwa neno. Dada alinyamaza kwa mshangao, mama akaendelea peke yake. Alipofika mahali pa kuomba msamaha kwa makosa yetu, alinyoosha mkono wake mzima akaushika wangu. Sidai kwamba alijua lolote juu ya posho. Mimi nilijua.

Mwanaisimu aliyemo ndani yangu alikuwa na jibu tayari: hii ni lugha ya mazoea, ubongo unarudia ulichokariri. Jibu hilo ni sahihi, na sijaliacha hata leo. Lakini nilipolala usiku ule nilijiuliza: mazoea hayo aliyapata wapi? Nilikumbuka jinsi mama alivyokuwa akinong'ona alipokuwa akiwasha moto alfajiri, akipalilia maharagwe, akisubiri chungu kichemke. Nilipokuwa kijana wa sekondari nilimwonea haya mbele ya rafiki zangu, nikidhani anazungumza peke yake. Kumbe hakuwa peke yake. Kwa zaidi ya miaka sitini alikuwa amemsemesha Mungu aliyepo jikoni, aliyepo shambani, aliyepo njiani kwenda mtoni. Kiharusi kilipochukua maneno mengine yote, hayo hakikuyafikia.

Nami nikajiuliza swali la pili, lililo zito zaidi. Je, kama ningepigwa mimi, ni maneno gani yangebaki? Yaelekea ningebaki na istilahi za fonolojia na salamu za ofisini.

Wakristo wa zamani walilijua jambo hili. Katika karne ya 17 aliishi mjini Paris mtawa wa shirika la Wakarmeli aliyeitwa Ndugu Lawrence. Alikuwa amepata kuwa askari, akaumia mguu, na hakuwa na elimu kubwa. Utawani alipangiwa kazi ya jikoni, kazi asiyoipenda kwa asili, akaifanya kwa miaka mingi. Baadaye akawa mshona viatu vya wenzake. Alifariki mwaka 1691, na padri mmoja akakusanya barua na mazungumzo yake katika kitabu kidogo kinachosomwa hadi leo na Wakatoliki na Waprotestanti vilevile. Fundisho lake kubwa ni kwamba kwake saa ya kazi haikutofautiana na saa ya sala. Katikati ya kelele za sufuria alizungumza na Mungu kama alivyozungumza naye akiwa amepiga magoti. Hakutafuta maono. Kila alipogundua kuwa amemsahau Mungu, alimrudia bila kujitesa, akaendelea na kazi.

Hatuna haja ya kwenda Paris kutafuta ushahidi. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, nchini Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Ndugu wa uamsho huo walikuwa na msemo wao, "kutembea nuruni," na watu hawakuupima kwa sauti za nyimbo tu. Waliupima kwa jembe lililorudishwa kwa mwenyewe na kwa deni lililolipwa baada ya kusahauliwa. Kwao aliyesema kwamba Mungu yupo alipaswa kuishi kama mtu aonwaye, wala si na askari bali na rafiki.

Hapa neno la Kiebrania lanisaidia. Mahali pengi ambapo sisi husema "uwepo" wa Mungu au "mbele za" Mungu, Agano la Kale lina neno panim, maana yake "uso." Kukaribia uwepo wa Mungu, basi, ni kuketi mahali ambapo uso wake wakuona na wako wamtazama. Naliyaelewa haya kando ya kitanda cha mama. Jioni nyingi tulikaa saa nzima bila neno, nami sikuwahi kuwa karibu naye kuliko wakati ule. Tunaodhani kwamba sala ni hotuba tuna mengi ya kujifunza kwa watu waliopotewa na maneno. Na angalia, msomaji: neno "uwepo" lenyewe limebeba -po, mahali maalumu. Hakuna uwepo wa Mungu kwa jumla tu, usiofika mahali ulipo wewe.

Pengine utaniuliza: nifanye nini basi, mimi mwenye matatu ya kuwahi asubuhi, watoto wa kulisha na mwajiri asiye na subira? Sina siri yoyote. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike, aliwasihi waombe bila kukoma, na wale walikuwa watu wenye kazi za mikono. Nijuavyo mimi ni machache. Chagua mahali patatu unapopita kila siku: mlango wa nyumba, kituo cha matatu, meza ya kazi. Kila ufikapo hapo, sema sentensi moja tu kwa Mungu, kwa lugha uliyonyonya kwa mama. Jioni, kabla ya usingizi, ipitie siku yako, uulize ni wapi ulimsahau na ni nani uliyemdhulumu. Haba na haba hujaza kibaba.

Nakuonya kuhusu mambo mawili. La kwanza, zitakuja siku ambazo hutahisi chochote. Usiseme, "Hayupo." Sarufi haitegemei hisia, jua hufunikwa na wingu wala halihami. Hata mtunga Zaburi ya 22 alilalamika kwamba ameachwa, lakini tazama, alimlalamikia Mungu yule yule. La pili, jihadhari na wale ambao "yumo" yao imekuwa biashara, wasemao kwamba Mungu yumo ndani yao peke yao na kwamba utampata kwa ada. Kristo, katika Mathayo 25, alituonyesha mahali pengine pa kumtafuta: kwa mwenye njaa, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Bawabu ambaye hujui jina lake baada ya miaka mitano langoni ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nami nilianza na ile posho. Nilirudi kwa mhasibu nikiwa na fedha za siku moja ndani ya bahasha. Alinitazama kwa muda mrefu, akapekua mafaili yake, kisha akaniambia kwa upole kwamba hapakuwa na fomu ya kupokea fedha zinazorudi. Tulikaa pale, watu wazima wawili, tukitafuta namna ya kuandika stakabadhi ambayo haikuwahi kuandikwa. Ilituchukua karibu nusu saa. Kama ungeniuliza ni lini nilihisi kwa mara ya kwanza kwamba Mungu yupo, si kanisani wala katika kesha, ningekutajia nusu saa ile, katika ofisi ile yenye vumbi.

Mama alitutoka miezi minane baadaye. Maneno mengine hayakurudi. Sala ile aliisema kila jioni.

Siku hizi, nikifika katika somo la viambishi vya mahali, huutoa mfano wa kijana yule mimi mwenyewe, na kuwauliza wanafunzi ni kipi kilicho sahihi. Hubishana sana. Kisarufi vyote vitatu ni sahihi, nami huwapa alama sawa. Lakini wewe, msomaji, hukai katika darasa langu, na swali lako si la mtihani. Gazeti hili unalisoma mahali fulani: ofisini, hotelini, garini, au dukani ukisubiri mteja. Patazame mahali hapo kwa utulivu. Kisha ujijibu mwenyewe: hapo ulipo, Mungu yuko, au yupo?