Sauti Zilizomo Kasetini: Uraibu wa Kuokoa Kanda za Zamani

Msomaji wa diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo hupata vina, mizani na maana. Mahadhi hayapati. Baadhi ya tungo za malenga huyo ziliimbwa na binamuye, Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab wa Mombasa aliyefariki mwaka 2014, na uimbaji wake ulienea Pwani kwa kaseti. Kaseti nyingi za taarab zilinaswa harusini, vigelegele na yote, kisha zikatolewa nakala na kuuzwa madukani. Hizo nazo ni matini za fasihi, ila ni matini zinazooza sandukuni.

Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba yenye upana wa milimita 3.81, iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma ulioshikizwa kwa gundi. Sauti imo katika usumaku wa unga huo. Joto na unyevu vikizidi, ukungu huota, gundi hulegea na unga hubanduka. Hapo ndipo wanapohitajika wenye uraibu wa kuokoa kanda, watu wasiolipwa ambao jioni zao hupitia mbele ya kinasasauti kikuukuu na tarakilishi.

Kazi yenyewe huanza kwa bisibisi. Ganda lililopasuka hufunguliwa na utepe ukahamishiwa ganda zima. Uliokatika huungwa kwa utepe maalumu, wala si ule wa kufungia bahasha, kwani gundi yake huvuja na kunata kila mahali. Kichwa cha kinasasauti husafishwa kwa pamba na spiriti. Kisha kuna skrubu ndogo kando ya kichwa hicho, ambayo wengi hawaijui. Kila mashine hunasa sauti kwa pembe yake. Pembe ya kichwa kinachosoma isipooana nayo, mwimbaji husikika kana kwamba amefunikwa blanketi. Skrubu huzungushwa taratibu, sikio likivizia sauti za s na sh, hadi zisikike waziwazi.

Kuhamishia sauti kwenye tarakilishi hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 90 huchukua dakika 90. Mapendekezo ya IASA, jumuiya ya kimataifa ya wahifadhi wa sauti, ni biti 24 na sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde. Kwa sampuli 96,000, kaseti hiyo moja hujaza takriban gigabaiti 3. Muundo wa MP3 huokoa nafasi, lakini hufanya hivyo kwa kutupa sehemu ya sauti; haufai kwa nakala ya msingi.

Hatari kubwa huja mwishoni, pale fundi anapotamani kuondoa mvumo wa kanda. Programu za kusafisha sauti hutambua mvumo kama pumzi isiyokoma, na Kimvita ni lahaja ya mpumuo: paa la nyumba na p'aa wa mwituni hutofautiana kwa pumzi hiyo tu. Usafishaji wa pupa unaweza kumla mnyama akabaki paa. Mwanaisimu atakayeitumia rekodi hiyo atahitimisha kwamba mwimbaji hakutofautisha sauti hizo, ilhali aliyezifuta ni fundi. Ndiyo maana nakala isiyoguswa huhifadhiwa daima, na usafishaji ukafanyiwa nakala ya pili. Hata vigelegele, ambavyo mpenzi wa muziki huviona kero, humweleza mtafiti ni ubeti upi uliowagusa waalikwa.

Maandishi ya jaladani nayo hunakiliwa yalivyo, makosa ya tahajia yakiwamo, pamoja na jina la duka na upande wa kaseti. Suala gumu zaidi ni la kanda zilizonaswa katika hafla za wanawake watupu. Walioimba humo waliimbia waliokuwa ukumbini; kuziweka kwenye intaneti bila idhini yao, au ya jamaa zao iwapo wao wamefariki, ni kuwafungulia mlango walioufunga wenyewe. Kanda kama hizo zinaweza kuhamishwa, zikaandikwa maelezo, na diski yake ikakabidhiwa familia.