Sindano ya Kupunguza Uzito Ikifika Kasongo

Kusini mwa Maniema ni eneo la malale, na kukonda ni dalili mojawapo ya ugonjwa huo, kama ilivyo kwa kifua kikuu na UKIMWI. Kwa hiyo mtu wa Kasongo au Kabambare anayeanza sindano za kupunguza uzito awaeleze nyumbani mapema, maana watamuuliza anaumwa nini.

Dawa inayotajwa sana ni semaglutidi. Marekani iliiruhusu kwa ajili ya unene Juni 2021, kwa jina la Wegovy. Ozempic ni dawa hiyohiyo, ila imekusudiwa kisukari. Huiga homoni ambayo utumbo hutoa mtu akishakula. Tumbo hukawia kusukuma chakula, shibe huja haraka, na sahani ya bugali na sombe ya mawese yaweza kumshinda mlaji baada ya matonge machache.

Hudungwa chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono, mara moja kwa wiki. Wiki nne za mwanzo ni miligramu 0.25 tu, kipimo cha kuuzoesha mwili. Kisha hupandishwa polepole, kwa Wegovy kwa kawaida hadi miligramu 2.4. Asiyeona tofauti mwezi wa kwanza asijiongezee! Kila kipimo kinapopanda, kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo vyaweza kurudi. Kula kidogo kidogo na kupunguza mafuta husaidia. Lakini maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, yanayofika mgongoni, ni ya kukimbilia hospitali: huenda kongosho limevimba. Mjamzito haitumii kabisa.

Katika utafiti uliochapishwa 2021, watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliopata dawa walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, waliodungwa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Walipoacha, mwaka mmoja baadaye theluthi mbili ya uzito waliopunguza ilikuwa imerudi.

Kuna pia suala la baridi. Kabla ya kufunguliwa, kalamu ya dawa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda hutupwa. Safari ya kutoka Bukavu au Kindu ni ndefu, joto ni kali. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic bandia. Muuzaji asiyeweza kuonyesha dawa ilitoka wapi na ilihifadhiwaje njiani asipewe pesa, hata akiahidi bei nafuu.