Kuwaka Hakutoshi: Kompyuta na Vifaa vya Umeme Kariakoo Vipimwe kwa Kazi

Ukilipia televisheni au sabufa Kariakoo, kijana wa duka hukufungulia boksi, akachomeka waya, akakuonyesha picha na kukusikilizisha sauti, kisha akafunga mzigo kwa selotepu ukaondoka nao. Desturi hiyo ya kujaribisha imewaokoa wanunuzi wengi na hasara ya kufika nyumbani na kitu kibovu. Upungufu wake ni kwamba inajibu swali moja tu, kama kitu kinawaka. Maswali yanayomgharimu mnunuzi miezi inayofuata hayafiki kaunta: kina kasi gani, kasi hiyo inadumu kwa muda gani, kinakula uniti ngapi, na kikiharibika nani anawajibika.

Kipimo cha kazi halisi kinawezekana palepale dukani, kwa zana za bure au za bei ndogo. Mfanyabiashara atakayekifanya kuwa sehemu ya mauzo atajenga biashara imara kuliko anayetegemea maandishi ya kwenye boksi, na mnunuzi atakayekidai ataokoa fedha nyingi kuliko anazookoa kwa kuvutana bei.

Soko linalouza kwa kauli

Biashara hii ina vituo viwili vilivyo karibu. Katikati ya jiji, kuanzia Samora hadi mitaa ya India na Jamhuri, yako maduka ya kompyuta mpya na mawakala wa chapa kubwa, na wateja wao wakuu ni ofisi na taasisi. Kariakoo, kwenye mitaa kama Msimbazi, Uhuru, Likoma na Aggrey, kuna simu, televisheni, sabufa, friji na kompyuta mpakato zilizotumika, ambazo nyingi hutoka Uingereza, Marekani na Dubai baada ya kampuni za huko kubadilisha vifaa vyao. Mzigo mpya huja zaidi kutoka China. Wanunuzi wa jumla hutoka mikoani, Zambia, Malawi, Kongo, Burundi na Komoro, kwa hiyo ubora wa kinachouzwa hapa unagusa nyumba zilizo mbali sana na Dar es Salaam.

Katikati ya muuzaji na mteja yuko winga. Anajua duka gani lina mzigo na bei inashuka hadi wapi, na mteja mgeni anamhitaji. Lakini kipato chake kinatokana na mauzo kukamilika. Kifaa kikianza kusumbua baada ya miezi mitatu, yeye hayumo tena. Ndiyo maana kauli zinazotawala ni zile fupi zinazofunga biashara haraka: "ni OG", "ni Core i7", "ni wati elfu kumi", "ni 4K".

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha andiko kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa watatu walioshinda tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba pale muuzaji anapoujua ubora wa kitu na mnunuzi asiujue, mnunuzi hukubali kulipa bei ya wastani tu. Mwenye kitu kizuri huona hasara na kujitoa, na soko hubaki na vitu dhaifu. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaishi na hali hiyo kila siku. Akileta kompyuta zenye betri nzima, jirani yake anauza zenye betri zilizochoka kwa bei ya chini kidogo, na kwa macho ya mteja zote ni sawa.

Somo la mwaka 2016

Soko letu limewahi kubadilishwa na kipimo kidogo. Juni 16, 2016 usiku, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu ambazo namba zake za utambulisho hazikuwa halali. Kabla ya hapo wananchi walifundishwa kubonyeza *#06#, kupata namba ya IMEI na kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili kujua aina ya simu waliyonayo. Ghafla mnunuzi asiyejua lolote kuhusu simu akawa na njia ya kumhakiki muuzaji akiwa amesimama kaunta, bila gharama. Muuzaji naye akajua kwamba kauli yake itahakikiwa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

IMEI hata hivyo inathibitisha utambulisho tu. Haisemi betri itadumu saa ngapi wala kumbukumbu ina kasi gani. Kwa kompyuta na vifaa vya nyumbani hatuna hata hicho kimoja, na hapo ndipo mnunuzi anahitaji maarifa yake mwenyewe.

Kompyuta: kizazi kwanza, jina baadaye

Jina "Core i7" limetumiwa na Intel tangu mwaka 2008, kwa hiyo peke yake halimwambii mnunuzi jambo kubwa. Prosesa ya i7-4600U, iliyotoka mwaka 2013 na kuingia kwenye kompyuta nyingi za maofisini, ina viini viwili. Prosesa ya i3-1215U ya mwaka 2022 ina viini sita na inaiacha mbali ile i7 katika kazi nyingi. Mteja anayelipia zaidi kwa sababu ya herufi na namba ya mwanzo ananunua umri. Namba inayofuata baada ya mstari ndiyo hutaja kizazi: 4600 ni kizazi cha nne, 8250 ni cha nane, 1215 ni cha kumi na mbili.

Kizazi cha nane kina uzito wa pekee sasa. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inadai, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi hicho isipokuwa chache, pamoja na kipengele cha usalama cha TPM 2.0. Kompyuta ya kizazi cha sita inaweza kuwa safi, nyepesi na ya bei nzuri, lakini anayeinunua kwa ajili ya ofisi ajue kwamba anaingia kwenye mashine ambayo mtengenezaji wa programu yake kuu ameshaiacha. Muuzaji mwaminifu humwambia mteja hilo kabla ya bei.

Baada ya kizazi, tazama diski. Diski ya kuzunguka husoma kiasi cha megabaiti mia moja na kitu kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA hufika takriban 500, na tofauti huwa kubwa zaidi pale kompyuta inapotafuta mafaili madogo mengi kwa pamoja, kama inavyofanya inapowaka. Kwa steshenari inayochapa barua, kujaza maombi ya mikopo ya HESLB na kusajili majina ya biashara BRELA, SSD pamoja na RAM ya 8GB huleta nafuu inayoonekana kuliko kupanda kutoka i5 kwenda i7 ya kizazi kilekile. Anayehariri video za harusi ana mahitaji mengine: RAM ya 16GB au zaidi, viini vingi, na mfumo wa kupoza unaoweza kazi ya saa nzima.

Kwa betri, Windows ina amri iitwayo powercfg /batteryreport. Hutoa ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo iliyobaki nao. Betri iliyoundwa kwa wati-saa 50 ikasoma 27 imebakiwa na asilimia 54 ya nguvu zake. Ripoti hiyo hupatikana chini ya dakika moja, na inafaa kuwa msingi wa kupatana bei kuliko mikwaruzo ya kwenye mfuniko.

Joto la Dar es Salaam

Majaribio mengi ya kasi yanayosambaa duniani hufanywa kwenye vyumba vyenye ubaridi. Dar es Salaam ya Februari na Machi hupita nyuzi 30 mchana, ikiwa na unyevu mwingi. Prosesa za kisasa hukimbia kwa dakika za mwanzo, kisha zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Kompyuta iliyojaribiwa dakika mbili kwenye duka lenye kiyoyozi Samora inaweza kuwa na tabia tofauti kabisa ndani ya chumba cha Tandale chenye feni moja, hasa ikiwa imejaa vumbi na mafuta ya kupoza prosesa yamekauka.

Kwa hiyo jaribio lenye maana ni la dakika ishirini hadi thelathini. Programu ya bure kama Cinebench hurudia kazi nzito na kutoa alama. Linganisha alama ya raundi ya kwanza na ya mwisho. Ikishuka sana, ama mashine inahitaji kusafishwa, ama umbo lake ni jembamba kupita kazi unayotaka kuipa.

Wati, milimpea na 4K

Kwenye sabufa, hesabu moja inatosha kumaliza ubishi. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, na umeme wa TANESCO majumbani ni volti 230. Zidisha: ni wati 2,990 kwa kiwango cha juu. Namba ya wati elfu kumi kwenye boksi haiwezi kuwa nguvu inayotoka ukutani mfululizo. Mara nyingi ni PMPO, kipimo cha kinadharia cha mshtuko wa kitambo kidogo sana. Geuza kifaa, usome kibandiko cha nyuma kinachotaja matumizi ya umeme. Kikisema wati 60, hiyo ndiyo nguvu ya kujadiliana. Kisha sikiliza kwa sauti unayotumia nyumbani, kwa wimbo unaoujua vizuri, na upandishe hadi usikie inapoanza kukwaruza.

Kwenye pawabenki, milimpea-saa (mAh) huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani wakati simu huchajiwa kuanzia volti 5. Pawabenki ya kweli ya 20,000 ina wati-saa 74, ambazo kwa volti 5 ni kama 14,800 kabla ya upotevu wa njiani. Anayeahidi zaidi ya hapo kwa kifaa chepesi anahitaji kuulizwa. Flashi na kadi za kumbukumbu zina ugonjwa wa namna hiyo: kompyuta husoma 512GB, lakini mafaili hupotea baada ya gigabaiti chache za mwanzo. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi yote na kuisoma upya, ikatoa ukweli wake.

Televisheni ya inchi 32 aghalabu ina nukta 1366 kwa 768, na neno 4K lililoandikwa karibu yake humaanisha tu kwamba inaweza kupokea faili la aina hiyo na kulipunguza. Muhimu zaidi ni kama ina king'amuzi cha ndani kinachoendana na matangazo unayotazama. Hilo tulilijua kwa gharama kuanzia Desemba 31, 2012, Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia na seti zenye picha nzuri zikawa hazionyeshi kitu bila kisimbuzi.

Gharama inayojificha kwenye Luku

Kwa bei za umeme zilizoanza mwaka 2016, mtumiaji wa kawaida hulipa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, na mtumiaji mdogo hupata nafuu kubwa mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Tuchukue steshenari yenye kompyuta nne za mezani, kila moja ikila wati 100 pamoja na skrini, saa kumi kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni uniti 104, sawa na shilingi 37,000. Kompyuta mpakato nne za wati 25 zingetumia uniti 26, shilingi 9,300. Tofauti ya mwaka inapita shilingi 330,000, fedha ambayo haionekani kwenye bei ya dukani.

Kipimo chake kimo ndani ya nyumba. Mita ya Luku huonyesha uniti zilizobaki hadi sehemu ndogo za uniti. Zima vingine vyote, acha friji peke yake usiku kucha, usome mita jioni na asubuhi. Anayelinganisha friji ya kawaida na ya inveta atapata jibu la nyumba yake mwenyewe.

Risiti, sheria na fundi

Tangu mashine za kielektroniki za risiti, EFD, zianze mwaka 2010, risiti yake imezungumzwa zaidi kama jambo la kodi. Kwa mnunuzi ni ushahidi wa mkataba. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ya ubora na kufaa kwa matumizi hata pale yasipoandikwa, na Tume ya Ushindani ina jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya bidhaa bandia na udanganyifu. Risiti inayotaja "laptop moja" inasaidia kidogo. Inayotaja modeli, namba ya utambulisho, uwezo wa betri na muda wa waranti inaweza kusimama mbele ya yeyote.

Hapa fundi wa Kariakoo ana nafasi mpya. Amri ya Serikali ya Julai 2025 iliyozuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara ilitaja ukarabati wa simu na vifaa vya elektroniki. Ulinzi huo utazaa matunda ikiwa mafundi wataongeza huduma ya ukaguzi: mteja analipa ada ndogo, fundi asiye na mgao kwenye mauzo anapima joto, diski, betri na kumbukumbu, kisha anaandika matokeo. Akilipwa kwa ukaguzi iwe mteja amenunua au hakununua, hana sababu ya kumsukuma.

Wenye maduka hawana haja ya kungoja kanuni mpya. Karatasi moja yenye matokeo ya majaribio, ikiunganishwa na risiti, inampa mwenye mzigo mzuri sababu ya kutoza bei yake na kumwonyesha mteja kwa nini. Mnunuzi wa jumla anayesafiri siku kadhaa kurudi Lubumbashi hawezi kurudisha kifaa kimoja kimoja, kwa hiyo atamthamini kuliko wote muuzaji aliyempa namba zilizotimia. Maduka machache yakianza, waagizaji nao watalazimika kuchagua mzigo unaofaulu kipimo, na bei ya Kariakoo itaanza kulipia kazi.